Glandi ya shafti inavuja, fundi anataka boti itolewe majini. Nikubali?

Bint_Pangani:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa mnaoijua mifereji ya Uingereza. Mimi na mume wangu tuna boti nyembamba ya chuma, futi 57. Tumetoka Braunston, tunaelekea Birmingham kwa mfereji wa Grand Union. Tangu tushuke loki za Stockton (vyumba vya maji vya kupandishia na kushushia boti), pampu ya ngama, ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya boti, inajiwasha yenyewe hata usiku injini ikiwa imezimwa. Nikainua mbao za sakafu kule tezi, nyuma ya boti, nikamulika kwa tochi: maji yanapita kwenye glandi, kile kizibo cha pale shafti inayozungusha rafadha (panga la kusukuma boti) inapotokea nje, uzi mwembamba usiokatika. Nikizungusha kishikio cha grisi mpaka kikaze, yanapungua. Haipiti saa, yamerudi.

Tumesimama kwenye karakana ya boti kando ya mfereji. Fundi kachungulia kidogo tu, akasema boti inyanyuliwe kwa kreni na shafti ichomolewe. Bei ya kunyanyua peke yake imetunyima usingizi. Na mbele kuna Hatton, loki 21 za kupanda, siwezi kuzianza na boti inayokunywa maji. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Nahodha_Kilindini:
Pole sana dada. Nilikuwa fundi wa injini za boti Mombasa, sasa naishi kwenye boti hukuhuku. Usilipe kreni kabla ya kujua mambo mawili.

Kwanza pakingi. Ndani ya glandi kuna pete za kamba ya mraba iliyoloweshwa grisi, zinabanwa na nati mbili. Shafti ikizunguka, tone moja moja ni sawa, linaipooza. Injini ikizimwa pawe pakavu. Kwako panavuja hata boti imelala, kwa hiyo ama nati zimelegea ama pete zimekuwa ngumu kama mkaa. Kaza robo mzunguko, nati hii kisha ile, zisipishane. Funga boti kwa kamba, tia gia ya mbele taratibu kwa dakika chache, zima injini, halafu gusa glandi. Ikiwa ya moto kiasi mkono haukai, umebana mno, legeza kidogo.

Nati zikiwa zimefika mwisho, weka pakingi mpya. Kazi hiyo hufanywa boti ikiwa majini! Pete za zamani zikitolewa maji yataingia, ila pampu nzima huyamudu; betri zijae na pampu ya mkono iwe karibu. Pete mpya zikatwe mshazari, na maungio yake yasipangane mstari mmoja.

Pili, toa ufunguo wa injini, shika shafti karibu na glandi, itikise. Ikicheza, beringi imelika, au raba za injini zimechoka na shafti imekaa upande. Hapo pakingi mpya haitadumu na fundi atakuwa na haki yake. Lakini akuonyeshe kwa macho. Fungueni pia kifuniko cha juu ya rafadha mtazame kama kuna kamba au waya uliojisokota.

Mama_Warwick:
Naongezea, mpenzi. Ikibidi itoke majini, ulizeni mara ya mwisho ilipakwa lami lini. Kwetu jahazi hupakwa shahamu na chokaa, huku ni lami kila miaka miwili mitatu, na vile vipande vya magnesiamu vinavyolika badala ya chuma vikaguliwe siku hiyohiyo. Kreni ilipiwe mara moja.

Na kama leseni yenu ni ya kuzunguka bila maegesho ya kudumu, waandikieni wasimamizi wa mifereji, Canal & River Trust mapema. Kikomo cha kukaa mahali pamoja kwa kawaida ni siku 14, na boti mbovu huongezewa muda mkiomba. Ipigeni picha hiyo glandi, fundi awaandikie karatasi.

Bint_Pangani:
Mungu awabariki. Tumekagua na mume wangu: shafti haichezi hata kidogo, rafadha ni safi. Ila nati ya kushoto imekazwa mpaka mwisho na ya kulia imebaki nje, glandi imekaa mshazari. Nimemwita fundi nikamwonyesha. Amekubali kuweka pakingi mpya kesho asubuhi tukiwa majini, na kreni tumeiacha. Nahodha, nimwambie pete ngapi?

Nahodha_Kilindini:
Idadi ileile atakayotoa. Unene wa kamba apime nafasi kati ya shafti na glandi, asikisie. Akimaliza asiondoke mpaka muwashe injini naye akiwa hapo, aione inavyodondosha.