Riwaya ya Gurnah kwa Kiswahili: tuihesabu yetu?

Mleta mada: Nimemaliza *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Yule Yusuf wa miaka 12 anavyochukuliwa kufidia deni la baba yake, kwa Kiswahili inachoma zaidi. Lakini kuiita fasihi ya Kiswahili naona shida, maana mwenyewe hakuiandika kwa Kiswahili. Mnasemaje? Japo Waswahili wenyewe hatusomi.

Binti Ng'ambo: Hapo pa "hatusomi" umenikera. *Rosa Mistika* nimeisoma haina jalada, kurasa za mwanzo zimenyofoka, imevalishwa gazeti. Bwenini kila mtu usiku mmoja. Ukisinzia na zamu yako unaamshwa, wenzio wanasubiri.

Mwalimu Muheza: Dada, hayo ya zamani. Wangu wa kidato cha tatu wanataka madesa tu. Nikiwapa riwaya swali la kwanza: "Itatoka kwenye mtihani?"

Binti Ng'ambo: Usiwasingizie watoto, mwalimu. Shuleni kwetu kabati la vitabu lilikuwa na kufuli. Miaka minne tumesoma majina ya vitabu kupitia kioo.

Mkazi wa Buguruni: Semeni bei! Hela ya riwaya moja kwangu ni sukari na mafuta ya wiki.

Mleta mada: Kwa neno lile nisameheni. Turudi kwa Gurnah.

Kijana wa Kilwa: Tumemjua baada ya Nobeli ya 2020, tuseme ukweli.

Mleta mada: 2021. Na wachapishaji Mkuki na Nyota, hapo hapo Dar, wakaitoa *Peponi* mwaka uliofuata. Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare mwaka 1963, mbona *Juliasi Kaizari* hatusemi ni yetu?

Kijana wa Kilwa: Shakespeare kazaliwa Unguja? Gurnah kazaliwa pale 1948, Kiswahili ndiyo lugha ya mama yake. Hizo safari za bara, mizigo, madeni, ni habari za babu zetu. Ida kazirudisha nyumbani.

Binti Ng'ambo: Sawa, zimerudi. Atazisoma nani kama zinafungiwa? Mwalimu, hujanijibu. Kabati la kwako lina kufuli?

Mwalimu Muheza: Linayo. Ufunguo ninao mimi. Mwaka juzi vilipotea vitabu vitano, nikavilipa kwa mshahara wangu. Ungekuwa wewe ungeliacha wazi?

Binti Ng'ambo: Ningeliacha.