Mrejesho: mashine za bei poa au za jina?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niliuliza kama fundi anayeanza anunue mashine za bei poa au ajibane apate Makita au Bosch. Nimechanganya: drili ya kutobolea ukuta ni ya jina, jiksoo, ule msumeno mdogo wa umeme wa kukatia mbao, nimeokota ya bei poa sokoni Darajani.

Drili ndiyo kazi ilipo. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa; biti inazama kama kwenye unga, mara inakwama kwenye jiwe gumu, mashine inataka kukuzungusha mkono. Yangu ina klachi, biti ikikwama inateleza. Ya jirani yangu haina. Juzi ilinuka waya unaoungua. Kuifungua, kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka, zimelika hadi mwisho, na saizi yake madukani hamna. Tukachonga za mashine nyingine kwa msasa mpaka zikaingia. Inazunguka, ila cheche!

Jiksoo haina neno, nimetupa tu wembe uliokuja nao. Kwa mninga inatosha.

Aliyesema niulizie spea kabla ya bei, Mungu amzidishie. Sasa nataka grenda. Mwenye uzoefu na za betri aseme, maana umeme huku mnaujua.