Mjadala: Watu wa Elgon wahamishwe wote, au zihamishwe nyumba zilizo kwenye njia ya maporomoko?

Mleta mada (Mbale)

Ndugu zangu, kila udongo ukishuka Bugisu, huku kwetu kwenye Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, mjadala unarudi pale pale: watu wote waondolewe mlimani, watake wasitake. Tangu wilaya ya Bulambuli ipatwe na msiba ule wa maporomoko wa Novemba 2024, sauti hiyo imezidi. Mimi naipinga, na hoja yangu naijenga juu ya utafiti ambao tayari tunao.

Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti kuhusu eneo la Manjiya, ambalo leo ndilo wilaya ya Bududa. Watafiti walichunguza maporomoko 98. Walichokiona ni kwamba ardhi haiporomoki popote tu. Huporomoka zaidi kwenye miteremko mikali iliyobonyea katikati, maana hapo maji hukusanyika chini ya udongo, na kwenye upande unaotazama mvua inakotokea, kaskazini-mashariki. Mkono wa binadamu nao umo.

Tazameni nyumba inavyojengwa kule. Mtu anauchimba mlima apate kiwanja tambarare. Nyuma ya nyumba unabaki ukuta wa udongo mrefu kuliko mwenye nyumba, na kati ya ukuta huo na dirisha la chumba cha watoto hapapiti watu wawili. Bati halina mfereji, kwa hiyo maji yote ya paa yanadondokea kwenye kitako cha ule ukuta. Mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo, udongo wa mfinyanzi umeshiba maji na mteremko hauna tena cha kuegemea. Jirani wa mita mia mbili, aliyejenga kwenye mgongo wa kilima, huenda asipoteze hata kuku.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni nyumba ipi. Kumbukeni Bukalasi, kule Bududa, Oktoba 11, 2018. Ardhi ilikatika juu, ikaingia Mto Suume, na mawe makubwa yakafuata mkondo mpaka kwenye makazi na maduka yaliyo chini. Zaidi ya watu 40 walikufa, na wengi walikuwa kando ya mto. Anayesema mlimani ni hatari na bondeni ni salama asingewaokoa wale. Na Nametsi, Bududa hiyo hiyo, Machi 1, 2010, kituo cha afya chenyewe kilifukiwa. Jengo la umma, lililojengwa kwa fedha ya umma, kwenye njia ya maporomoko!

Kuhamisha tumeshajaribu. Manusura wa Nametsi walipelekwa Kiryandongo, kule Bunyoro, magharibi mwa nchi. Tangu 2019 wengine wamepelekwa Bunambutye, tambarare ya Bulambuli. Wapo waliotulia, na wapo waliorudi mlimani. Msiwaite wakaidi. Kahawa ya arabika haistahimili joto la tambarare, na mlimani ndiko ziliko ndizi, malewa (machipukizi ya mianzi tunayokula) na makaburi ya wazee. Sensa ya 2014 ilihesabu watu zaidi ya 210,000 Bududa peke yake. Wote hao watapewa ardhi wapi?

Ninachopendekeza ni ramani ya kijiji kwa kijiji, nyumba kwa nyumba, ibandikwe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kila mtu aione. Aliye kwenye njia ya maporomoko apewe kiwanja karibu, shamba lake libaki lake, alime na apande miti, ila asilale pale.

Mchangiaji (Kampala)

Ndugu mleta mada, unaandika vizuri, lakini mpaka ramani yako ikamilike tutakuwa tumezika wangapi? Na hilo la kulima bila kulala halitekelezeki. Kahawa ikiiva, wezi wanaichuma usiku. Mwenye shamba atajenga kibanda, kisha mke atamletea chakula, kisha watoto watafuata. Baada ya misimu miwili kijiji kimerudi. Mimi nasema eneo lote lirudishiwe msitu, watu walipwe fidia ya haki, basi. Uhai hauna mbadala.

Mchangiaji (Kasese)

Salamu kutoka milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda. Huku Mto Nyamwamba ulitufurikia Mei 2013, ukarudia Mei 2020, kwa hiyo hatuzungumzii mambo ya mbali. Chuo Kikuu cha Mbarara pamoja na vyuo vya Ubelgiji walianzisha mtandao wa wakazi waliofunzwa kurekodi majanga kwa simu. Janga likitokea, mwangalizi anafika, anaandika mahali, tarehe na ukubwa, anapiga picha. Yameonekana hata maporomoko madogo ya migombani ambayo hakuna gazeti lingeyaandika. Ila tusidanganyane: hao wanaandika lililokwisha kutokea. Wanasaidia ramani, hawapigi king'ora. Onyo la usiku wa mvua bado linataka mtu mwingine na utaratibu mwingine.

Mleta mada (Mbale)

Ndugu wa Kasese, asante, hilo ndilo nililotaka lisemwe. Ramani na onyo ni kazi mbili, na bajeti zake zitenganishwe. Onyo lina dalili ambazo watu wa mlimani wanazijua: chemchemi inayogeuka tope ghafla, ufa mpya shambani, mto unaopungua maji wakati mvua inanyesha. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu huenda mto umezibwa huko juu na maji yanajikusanya. Mwenye kuiona awe na namba ya kupiga, na anayepokea awe na mamlaka ya kuamsha kijiji saa hiyo hiyo.

Ndugu wa Kampala, la wezi wa kahawa ni kweli tupu, silibishi. Ndiyo maana nasema kiwanja kiwe karibu, mtu aweze kwenda zamu ya ulinzi na wenzake na kurudi kulala. Na kwa zile nyumba ambazo ramani imeonyesha wazi, nakubali sheria itumike, hata kwa kulazimisha. Nisilolikubali ni kumng'oa aliye kwenye mgongo wa kilima kwa kosa la kuishi wilaya moja na aliye hatarini.

Kama fedha ni kidogo, tuanze na shule na vituo vya afya vya Bududa, Bulambuli, Sironko, Manafwa na Namisindwa, vipimwe kabla ya mvua za Machi. Kuna mtu hapa anayefahamu wilaya au gombolola (tarafa ndogo ndani ya wilaya) ambako kazi hiyo imeshafanyika? Atueleze nani alipima na majengo yaliyokutwa hatarini yalifanywa nini.