Naombeni ushauri: kompyuta binafsi ya kwanza ni ipi? Mwanafunzi kanibana

Mwl_Chaki: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kompyuta kidato cha pili. Jana nimeandika ubaoni kwamba kompyuta binafsi ilianza na IBM mwaka 1981, ndivyo zinavyosema notisi nilizorithi. Kijana wa nyuma kanyoosha mkono: "Mwalimu, Apple II si ilitoka 1977?" Darasa zima likaguna. Nimewaahidi jibu Alhamisi. Nishike ipi?

FundiRedio: Pole mwalimu, dogo yuko sahihi. Na hiyo Apple II nayo ilikuta wenzake. Wengi huanzia Altair 8800, iliyotokea kwenye jalada la jarida la Popular Electronics, Januari 1975. Waliitengeneza MITS, kampuni ya Ed Roberts huko Albuquerque. Unaagiza vipande kwa posta, dola 397, unavichomelea mwenyewe. Haina kibodi wala skrini, ni swichi na taa tu! Unapanga swichi nane, juu ni 1, chini ni 0, unaingiza baiti moja (hizo 0 na 1 nane), unahamia nyingine. Kumbukumbu yake baiti 256. Ukizima, kila kitu kimepotea.

Bi_Kodi: Ufaransa mnaisahau kila siku. Micral N ya François Gernelle ilitoka 1973 ikiwa na chipu ya Intel 8008, waliiagiza watafiti wa kilimo. Kabla yake kuna Kenbak-1 ya John Blankenbaker, 1971, haina hata mikroprosesa, ile chipu moja inayobeba ubongo wa kompyuta. Ziliuzwa kama 40 tu. Waulize kwanza: ya kwanza kwa kipimo gani?

Mwl_Chaki: Asante dada, ila mtihani unataka jibu moja.

FundiRedio: Basi wape Altair, uwaambie ndiyo iliyowasha moto. Bill Gates na Paul Allen, waanzilishi wa Microsoft, waliiandikia BASIC, lugha ya kuandikia programu. IBM usiifute, notisi zako hazikuokotwa jalalani: ile ya Agosti 1981 iliundwa kwa vipande vinavyouzwa madukani, wengine wakaiiga, ndiyo maana imeenea hivi. Halafu wape vizibo vinane vya soda kila kundi. Kilicholala kifudifudi 0, chali 1. Waandike herufi A kwa msimbo wa kompyuta, ASCII: 01000001.

Mwl_Chaki: Nimejaribu hapa mezani. Nimegeuza kizibo kimoja kimakosa, cha pili kutoka kulia, nikapata C.