Naomba ushauri: mistari ya uchavushaji kwenye matikiti yasiyo na mbegu

Wakuu, heshima kwenu. Nina ekari moja Kahe, Moshi Vijijini, maji ya mfereji yapo. Msimu ujao nataka kulima matikiti yasiyo na mbegu, maana wateja wangu wa Arusha wanayaulizia sana.

Kwa wasiolijua: tikiti la kawaida lina kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 22. Watafiti hulitia kolkisini, kemikali inayozifanya ziwe maradufu, zinakuwa 44, kisha maua jike yake yanapewa chavua ya tikiti la kawaida. Mbegu inayopatikana ina 33, na hizo hazigawanyiki sawasawa, hivyo mche wake hauzai mbegu kamili, ni vile vimbegu vyeupe laini tu. Chavua yake nayo haifai. Ajabu ni kwamba ua jike bado linataka chavua hai ya tikiti la kawaida. Lisipoipata, kile kitunda chini ya ua kinageuka njano na kudondoka.

Sasa, waliolima hili: mstari mmoja wa tikiti la kawaida kwa miwili ya yasiyo na mbegu, au kwa mitatu? Nafikiria la kawaida liwe la ganda tofauti ili tusichanganye wakati wa kuvuna.

Kinachoninyima usingizi hasa ni nyuki. Ua linafunguka asubuhi, siku moja tu, na majirani hupulizia dawa ya wadudu kwenye nyanya saa hizo hizo. Nikiwaomba wapulizie jioni inatosha, au nitafute na mizinga?