Mwaka wa 7 umeanguka: nipange ripoti namna gani?

Titulere_Katuba
Wandugu, jambo. Niko titulere (mwalimu msimamizi wa darasa) wa mwaka wa 7, ule unaofuata masomo ya msingi, katika shule moja ya leta, ya serikali, hapa Katuba, Lubumbashi, Kongo. Semesta ya kwanza imekwisha, buletini (karatasi za alama) ni wino mwekundu tu, zaidi ya nusu ya darasa wako chini ya 50%. Bwana prefe, mkuu wa shule, anataka ripoti, na ametupa jedwali la kujaza: wavulana na wasichana, kisha mkoa wa asili wa mzazi.

Ya wavulana na wasichana nimejaza. Haionyeshi kitu, wameanguka pamoja. Ya mkoa sikuigusa. Wenye walikuwa Lubumbashi 1992 na 1993, Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, walipofukuzwa huku Katanga, hawahitaji maelezo. Karatasi ya namna hiyo ikitoka mezani kwako huna amri nayo tena.

Mimi naona jambo lingine. Wengi wa watoto hawa waliingia mwaka wa kwanza Septemba 2019, masomo ya msingi yalipofanywa bure. Madarasa yakafurika. Machi 2020 Corona ikafunga shule, wao bado wanaunganisha herufi. Desemba zikafungwa tena, hadi Februari 2021. Leo wako mbele yangu, na kuna wanaoshika kitabu cha Kifaransa kama picha.

Mmoja anaelekea miaka 16. Alianza shule mkubwa, sababu zamani nyumbani walikosa minervali (pesa za shule). Anauza makala, yaani mkaa, na mama yake katika soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, na kwa kurudisha chenji ananishinda mimi. Mwandikie tatizo la hesabu kwa Kifaransa: anatafuta namba zote zilizo ndani, anazijumlisha, anakuletea.

Halafu bure iliishia mwaka wa 6! Kwetu minervali inaanza upya, mtoto anarudishwa nyumbani, interogasio (jaribio la darasani) inapita, anapata sifuri. Sasa niwapange kwa umri, kwa siku walizokosa, ama kwa shule ya msingi walikotoka? Nani alishafanya?

Mama_wa_Ruashi
Mwalimu, usisahau njia. Wangu anatembea kutoka mbali, wakati wa mvua anafika saa ya kwanza imekwisha. Na saa ya kwanza ni matematiki, mara tatu kwa juma! Nilimwambia titulere wake, akasema mtoto ni mvivu. Angalieni na oreri yenu, ratiba ya masomo, tafadhali.

Mzee_Kamalondo
Mwanangu, nilifundisha darasa hilo likiitwa bado mwaka wa kwanza wa sekondari, kabla ya sheria ya elimu ya 2014. Umri peke yake utakudanganya. Mkubwa ndiye anayeuza sokoni, ndiye anayefukuzwa minervali, kwa hiyo ukiona wakubwa wameanguka hujui bado kilichowaangusha. Chukua kwanza wale ambao hawakukosa interogasio hata moja, halafu ndani ya hao tu linganisha umri.

Na hesabu asilimia mara mbili: pamoja na sifuri za waliokuwa wamefukuzwa, na bila hizo. Sifuri ya mtoto aliyekaa mbele ya karatasi na sifuri ya mtoto aliyekuwa nyumbani, buletini inaziandika sawasawa. Ripoti yako isizichanganye.

Kuhusu mkoa umefanya vizuri. Prefe akiuliza, mwambie hujui. Kwani unajua?

Prof_Kampemba
Mzee amesema. Mimi ningeongeza kusoma kwa sauti: ukurasa mmoja wa Kifaransa, mmoja wa Kiswahili, mtoto mmoja mmoja, pembeni, wenzake wasicheke. Asiyeweza hata Kiswahili ana shida tofauti kabisa na yule anayekwama kwenye Kifaransa tu. Ukiwaweka pamoja kwenye kurudilia masomo unawapotezea wote wawili wakati. Na ufanye sasa, maana mwaka kesho wako mwaka wa 8, na TENASOSP, mtihani wa taifa wa mwisho wa mwaka wa 8, haisubiri mtu.

Titulere_Katuba
Aksanti wote. Mzee, nimeondoa zile sifuri jana usiku. Kuna watoto wamepanda juu ya 50 palepale, na wawili kati yao nilikuwa nimeshaandika "hafuati darasani". Hao sina la kuwafundisha upya, habari yao ni ya kasha ya shule, ya pesa, na nitaiandika hivyo hivyo hata kama ekonome, mtunza pesa wa shule, atanuna.

Yule wa makala hakupanda. Prof, kwa wale ambao hata Kiswahili hawakisomi, unaanza na nini? Prefe amekubali kunipa darasa moja Jumamosi asubuhi, lakini vitabu vya mwaka wa 1 kwa kijana mwenye ndevu, naona haya kumpa.

Prof_Kampemba
Usimpe kitabu. Mwambie alete daftari la madeni la mama yake, muanzie hapo.