Naomba ushauri: fimbo ya snuka ya mtu mfupi

Hamjambo wadau. Nimecheza pool ya baa miaka mingi, lakini sasa nimehamia meza ya snuka ya futi 12 katika klabu moja hapa Nairobi. Fimbo za ukutani zimenichosha: leo imepinda, kesho ncha ni ngumu kama jiwe, chaki haishiki.

Nimeweka kando shilingi 15,000 ninunue yangu. Shida ni kimo, nina sentimita 163 tu. Fimbo ya inchi 58 nalazimika kuishika mbele kabisa, kitako kinabaki kuning'inia nyuma. Nimeazima ya rafiki ya inchi 56, aunsi 18, ncha ya milimita 9.5. Mipira iliyonyooka iliingia vizuri, ila nikiupiga mpira mweupe pembeni kidogo unakwenda kwake. Huenda ni mkono wangu wa pool, umezoea ncha nene.

Je, ninunue ya inchi 58 nimpe fundi aikate kitako, au nitaharibu mizani yake? Na kwa sisi wa kupanda matatu, tunaohitaji fimbo ya vipande viwili, ya kuunganisha katikati inatofautiana sana mkononi na ya robo tatu (kiungo kiko karibu na kitako)?

Asanteni.